Uzi: Kuanza kuwinda bata mzinga kwenye ardhi ya umma, kwa tulioko Missouri na majimbo ya jirani

KangaWaIramba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Tangu niweke picha yangu ya Aprili iliyopita nimepokea ujumbe kutoka kwa ndugu walioko Columbia, Des Moines, Louisville na kwingineko, na wote wanauliza jambo moja. Mtu asiye na shamba, asiye na rafiki mwenye shamba, na ambaye hakuwahi kushika bunduki kabla ya kuja Marekani, anaanzaje kuwinda bata mzinga? Nimeona ni heri niandike mara moja kwa utulivu kuliko kumjibu kila mmoja vipandevipande. Nitazungumzia Missouri kwa kuwa ndiko ninakoishi na ndiko nilikowinda kwa miaka minne. Aliye jimbo jingine asome kanuni za kwake, kwa sababu kila jimbo lina msimu wake, hesabu yake ya ndege na saa zake.

Niseme mapema neno ambalo uzi wote utalizunguka. Kwenye ardhi ya umma, kiumbe wa kwanza kumfikiria ni mwindaji mwenzako, na bata mzinga anakuja wa pili. Mahali pa kwenda, siku ya kwenda, rangi ya nguo, namna ya kukaa, hata namna ya kumbeba ndege ukishampata, vyote vinatokana na hilo. Mimi sikulijua mwaka wa kwanza, na nitaeleza chini lilivyokaribia kunitoa roho.

Tuliokulia Tanzania tumezoea kwamba pori lenye wanyama ni hifadhi, na anayeonekana humo na silaha ni mgeni tajiri aliyelipia kitalu, la sivyo ni jangili. Kenya nako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo wengi wetu hatuamini tunapoambiwa kwamba hapa mtu wa kawaida mwenye kibali cha bei nafuu anaweza kuingia kwa miguu katika Msitu wa Taifa wa Mark Twain, wenye ekari zipatazo milioni 1.5 kusini mwa jimbo, bila kumwomba mtu ruhusa. Zaidi ya msitu huo yapo maeneo mengi ya Idara ya Uhifadhi ya Missouri, mengine yakiwa mwendo wa dakika ishirini tu kwa gari kutoka mjini. Wanyamapori huhesabiwa kuwa mali ya wananchi, na serikali ya jimbo ni mtunzaji tu. Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo hili walikubali wenyewe kujitoza sehemu moja ya nane ya asilimia moja katika kodi ya mauzo ili kugharimia uhifadhi, kwa hiyo wewe unayenunua mafuta na sabuni dukani tayari umechangia. Aidha, tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1937, kila bunduki na kila risasi inayouzwa ina kodi maalumu inayorudi kwa wanyamapori.

Na hawa bata mzinga hawakuwapo tu tangu zama. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita walikuwa wamekaribia kwisha kwa kuwindwa ovyo na kukatwa kwa misitu. Walirudishwa kwa kuwanasa ndege wa mwituni katika sehemu chache walizosalia na kuwaachia kwingine, mwaka baada ya mwaka. Missouri ilipofungua tena msimu wa majira ya kuchipua mwaka 1960, ulikuwa wa siku tatu katika kaunti 14, na walipatikana ndege 94 tu. Siku hizi hesabu ya msimu mmoja hufika makumi ya maelfu.

Kesho nitaendelea na karatasi na vifaa. Maswali yanakaribishwa.

Mwanafunzi_Kibaha

Asante kaka kwa kuanzisha uzi huu. Mimi niko hapa kwa viza ya masomo. Niliambiwa na mwenzangu kwamba mwanafunzi wa kigeni akishika bunduki anafukuzwa nchini. Je, ni kweli?

KangaWaIramba

Mdogo wangu, swali lako ndilo linalopaswa kuja kabla ya yote, nami si mwanasheria, kwa hiyo uchukue maneno haya kama mwanzo tu wa kuuliza. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, ikiwamo ya masomo, kuwa na silaha ya moto au risasi. Hata hivyo sheria hiyohiyo ina vighairi, na kimojawapo ni mtu mwenye leseni au kibali halali cha uwindaji kilichotolewa hapa Marekani. Maana yake ni kwamba kibali kinatangulia na bunduki inafuata. Usijaribu hata kuishika ya rafiki yako kwa mzaha kabla hujawa nacho. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Kwa vyovyote vile, kabla ya kutumia hata dola moja, lipia nusu saa ya mwanasheria wa uhamiaji, ueleze hali yako ilivyo, na uyaweke majibu yake kwa maandishi. Ndege mmoja hafai kukugharimu masomo.

Ipo njia nyingine ambayo watu huisahau. Upinde hauhesabiwi kuwa silaha ya moto, na unaruhusiwa katika msimu huu. Kumpiga bata mzinga kwa mshale ni kazi ngumu kuliko kwa bunduki, lakini nimemwona aliyeweza.

KangaWaIramba (sehemu ya pili)

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baada yake anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ili atumie silaha ya moto. Mafunzo hayo husomwa hata mtandaoni. Mwenye miaka 16 na kuendelea ambaye bado hana cheti anaweza kununua idhini ya uanagenzi, akawinda akiwa pamoja na mtu mzima mwenye sifa. Baada ya hapo hununuliwa kibali cha bata mzinga cha majira ya kuchipua, ambacho kwa mkazi wa jimbo ni cha bei ndogo na kwa mgeni ni ghali mara nyingi zaidi.

Msimu mkuu huanza Jumatatu ya tatu ya Aprili na huchukua wiki tatu. Unaruhusiwa ndege wawili kwa msimu, ila katika siku saba za kwanza usipate zaidi ya mmoja, na wawili usiwapate siku moja. Ndege awe dume, au awe na ndevu zinazoonekana, yaani ule mshikano wa manyoya kama singa za farasi unaoning'inia kifuani. Kwenye ardhi ya umma, saa za kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na hukoma saa saba kamili mchana. Chambo cha nafaka hakiruhusiwi, wala vifaa vya umeme vya kutoa sauti. Marisau, yaani punje za ndani ya risasi ya shotigani, yawe namba 4 au madogo zaidi, na ukumbuke kwamba namba ikipanda punje huwa ndogo zaidi. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, hivyo chukua kijitabu cha mwaka husika, nacho hutolewa bure.

Kuhusu bunduki, shotigani ya geji 12 au 20 inatosha, na hata ile iliyotumika ya bei ya chini kabisa haitakudhulumu. Jambo la maana ni kuipigia karatasi kabla ya msimu. Weka karatasi kubwa umbali wa mita 20, kisha 30, kisha 35, uone punje zinavyotawanyika. Bata mzinga hupigwa kichwani na shingoni, kwa kuwa mwili una manyoya mazito na mifupa ya kifua inayozuia marisau. Ukigundua kwamba kwa mita 35 punje zako zimetawanyika kama mtama uliomwagwa, basi mpaka wako ni mita 25, na unapaswa kuuheshimu hata ndege akisimama mita 27 akikutazama kwa dharau. Anayejeruhiwa huruka akafie pasipojulikana, na hilo si jambo la kujivunia.

Sasa nitasimulia yangu. Jumamosi ya kwanza ya msimu wangu wa kwanza nilifika kwenye maegesho saa kumi na moja alfajiri, nikakuta magari matatu yamenitangulia. Mtu mwenye busara angegeuza gari. Mimi niliingia. Kulipokucha nikasikia dume mmoja akiwika mbali. Kiswahili hakina neno la sauti yake. Nitasema kuwika, ingawa haifanani kabisa na ya jogoo wa nyumbani, ni kama mtu anayesukutua maji kooni kwa haraka. Karibu yangu nikasikia jike akitetea. Nikajiambia kwamba palipo na jike dume atakuja, nikaanza kumnyemelea yule jike, hatua moja kila dakika, nikijiona fundi. Nilipofika kwenye kichaka cha mwisho, sauti ya mtu ikasema kwa nguvu, bila hasira: simama hapohapo, mimi ni binadamu. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, ameketi chini ya mwaloni, bunduki magotini, kisanduku cha kuigia sauti ya jike mkononi. Yule jike alikuwa yeye.

Hakunifokea. Aliniambia nifungue koti, akanionyesha kola ya fulana yangu nyeupe iliyokuwa imejitokeza shingoni. Kichwa cha dume katika majira haya ni chekundu, cheupe na cha buluu, akasema, na wewe umekuja kwangu kwa kunyata, ukiwa na weupe unaocheza katikati ya majani, kwa urefu uleule wa kichwa cha ndege. Sikuweza kusimama wima kwa muda. Mengi niliyoandika humu nilijifunza kwake ndani ya saa iliyofuata.

Kwa hiyo, masharti ambayo sitayajadili na mtu: usivae chochote chekundu, cheupe, cheusi wala cha buluu, hata soksi. Usinyemelee sauti yoyote, ya dume au ya jike. Keti ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako, unaofika juu ya kichwa chako, ili aliye nyuma asikuone kama ndege. Ukimwona mwindaji mwingine, usipunge mkono na usitumie sauti ya ndege kumwashiria. Sema kwa sauti ya kibinadamu, kubwa na tulivu. Unapotembea, hasa ukibeba ndege au ndege bandia wa kuwavutia wenzao, funika kwa kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa. Na usifyatue mpaka umemwona ndege mzima, kichwa, kifua na ndevu. Kivuli kinachotikisika hakitoshi.

BintiKigamboni

Pole kaka, na tunamshukuru Mungu. Naomba niulize jambo ambalo wengine wanalizunguka. Mtu mweusi, mwenye lafudhi ya kigeni, saa kumi na moja alfajiri, ana bunduki, amevaa mabakamabaka, yuko msituni katika kaunti ambayo hajulikani hata na mbwa. Mume wangu anataka kwenda na mimi sipati usingizi.

KangaWaIramba

Dada, wasiwasi wako una msingi na sitauchekea. Nieleze ninavyofanya. Siendi peke yangu mahali nisipopajua. Nyumbani naacha ramani yenye alama ya maegesho na saa nitakayotoka. Ndani ya gari bunduki haina risasi na imo kwenye mfuko wake. Kibali kiko katika mfuko wa kifuani, si chini ya mifuko mingine saba. Nimekaguliwa na ofisa wa uhifadhi mara tatu, zote kwa upole. Kila mara namsalimia kwanza, namweleza bunduki iko wapi na iko katika hali gani, namsubiri aseme anachotaka nifanye.

Lililonipata siku moja lilitoka kwa raia. Mwenye shamba linalopakana na eneo la umma aliniuliza kwa ukali nafanya nini pale. Nilikuwa upande wa umma, nikamwonyesha nilipo kwenye programu ya ramani katika simu, ambayo inaonyesha mipaka ya viwanja, akanyamaza na kuondoka. Bila ramani ile ningebaki na neno langu dhidi ya lake. Kwa hiyo mpaka ni jambo la kujua kwa hakika. Hapa Missouri alama ya rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye mti au nguzo ina nguvu sawa na kibao cha kukataza kuingia. Wageni wengi huidhani ni alama ya wakata miti. Ukiona zambarau, rudi nyuma, hata kama dume anawika hatua kumi ng'ambo ya pale.

MzeeWaUvira

Nawasalimu wote. Mimi ndiye ninayewinda pamoja na mwanzisha uzi, na ninathibitisha asemayo. Wakati wa ujana wetu kule Uvira, mashariki mwa Kongo, tulitega kanga na kwale kwa nyavu na mitego ya kamba, wala hatukujua kibali. Jambo lililonishangaza zaidi hapa ni kwamba nyama ya mwituni haiuzwi. Unaweza kumpa jirani, unaweza kuipika harusini, lakini ukipokea fedha umevunja sheria. Tanzania nasikia kuna mabucha ya nyamapori yenye leseni. Hapa hakuna, na biashara hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyokaribia kuwamaliza ndege hawa zamani.

Mwanangu Kanga aeleze sasa habari ya sauti, maana vijana wananunua vifaa vya kuitia kumi na viwili kabla hawajajua hata kimoja.

KangaWaIramba (sehemu ya tatu)

Shikamoo mzee. Nitafanya hivyo, ila nianze na tabia ya ndege mwenyewe, kwa sababu sauti bila tabia ni kelele.

Bata mzinga hulala juu ya miti mikubwa. Kabla ya jua kuchomoza dume huwika akiwa bado tawini, na kwa kawaida majike ndio humfuata. Hapa ndipo ugumu wote ulipo: wewe unajifanya jike na unamtaka dume akufuate wewe, yaani unamwomba afanye kinyume cha desturi yake. Akishashuka na kukuta majike halisi chini ya mti, hana haja nawe, na wengi hukata tamaa saa moja asubuhi wakarudi kwenye magari. Lakini majike yakishaanza kutaga, huondoka mmojammoja kwenda kwenye viota vyao, na kufika saa nne au saa tano dume hubaki peke yake. Dume anayewika saa tano asubuhi anamaanisha anachosema. Wangu wote wawili niliwapata kati ya saa nne na saa sita, siku za kazi, msitu ukiwa mtupu.

Macho ya ndege huyu ndiyo silaha yake. Huona rangi, huona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, na huona kidole kinachotikisika kwa umbali ambao wewe humwoni kabisa. Kwa hiyo vaa glovu na kitambaa cha uso, na bunduki iwe magotini tayari kabla hajatokea. Subiri kichwa chake kipite nyuma ya mti ndipo usogee.

Vifaa vya kuitia viko vya aina tatu za kawaida. Kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachokwaruzwa ni rahisi kujifunza na sauti yake hufika mbali. Kibamba cha mviringo cha jiwe au kioo, kinachokwaruzwa kwa kijiti, hutoa sauti laini za karibu. Kiwambo cha mdomoni huacha mikono huru, lakini kitakufanya utapike kwa wiki mbili na familia itakuhama. Anza na kisanduku. Jifunze sauti mbili tu, mwito wa kawaida wa jike na kule kutetea kwake kwa utulivu, kisha jifunze la tatu ambalo ni gumu kuliko yote: kunyamaza. Kwenye ardhi ya umma madume wameshasikia visanduku vya kila duka. Mimi huita kidogo, nikijibiwa naweka kifaa chini, nasubiri dakika arobaini nikizipima kwa saa. Wengi wao huja kimya, na mtu aliyeondoka baada ya dakika ishirini humkuta dume amesimama palepale alipokuwa ameketi.

Kuna jambo litakalowachekesha. Kumfanya dume ajitangaze alfajiri, wawindaji huiga mlio wa bundi, kwa kuwa dume huwika kwa kushtuka asikiapo sauti kali. Bibi yangu Iramba alifukuza bundi kwa vijinga vya moto asitue juu ya paa, akiamini ni mleta msiba. Nami mjukuu wake nasimama gizani, nchi ya watu, nikimwita bundi kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijamweleza mama.

Sasa kazi ya kabla ya msimu. Machi na mapema Aprili nenda bila bunduki. Tafuta majani makavu yaliyochakuriwa, kwani kundi likipita huacha kama mtu aliyepita na reki. Tafuta vumbi lenye mabonde madogo wanamooga. Kinyesi cha dume kina umbo la ndoano, cha jike kimejiviringa. Unyoya wa kifua wa dume una ncha nyeusi, wa jike una ncha ya kahawia. Kisha simama juu ya kilima kabla ya mapambazuko, sikiliza, weka alama kwenye ramani, ondoka. Usiwaite. Kila utakayemwita kabla ya msimu umemfundisha bure. Pata maeneo manne au matano, kwa sababu la kwanza litakuwa na gari la mtu, na la pili pia. Hapa ndipo ninaporudi kwa mwindaji mwenzako: ukikuta gari, nenda la tatu. Huo si woga.

Watu husema tembea mbali na barabara, na mimi nilifuata hivyo: kuvuka geti lililofungwa na kwenda maili nzima kabla ya kuketi.

MzeeWaUvira

Hapo sikubaliani nawe, na unajua. Kila mmoja amesoma ushauri huo, basi alfajiri wote wanapita mbio wakielekea ndani. Dume wangu wa mwaka juzi alikuwa mita mia mbili kutoka kwenye maegesho, saa tano, watu wote wakiwa wamekwenda kula. Magoti yangu hayaniruhusu kwenda maili, na ndege haulizi magoti.

KangaWaIramba

Nakubali, mzee. Niseme hivi: nenda mahali ambapo wengine hawapo kwa saa ile, pawe mbali au karibu.

Ostadhi_Pemba

Assalaam alaykum. Nina swali kuhusu uhalali wa kula. Ndege aliyepigwa kwa marisau akafa kabla ya kufikiwa, je, ni halali kwetu?

KangaWaIramba

Waalaykumu salaam. Mimi si Mwislamu, hivyo nitaeleza ninayoyaona kwa rafiki ninayewinda naye kutoka Mombasa. Yeye hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, hukimbia haraka, na akimkuta ndege bado ana uhai humchinja palepale. Aliniambia kwamba kwa aliyekufa kwa marisau wanazuoni wametofautiana, tangu zamani, kwa kuangalia kama punje inatoboa au inapiga kama kigongo, na yeye alimwuliza sheikh wake kabla ya msimu. Wapo wanaochagua upinde kwa sababu hiyo. Nadhani nawe ufanye vivyo hivyo na mwalimu wako.

KangaWaIramba (sehemu ya nne)

Ukishampata, weka kizuizi cha usalama cha bunduki kabla ya kukimbia. Dume mzima ana vipi, yaani zile pembe za nyuma ya mguu kama za jogoo, na anapotapatapa zitakuchana mkono. Mshike miguu kwa makini au umkanyage shingo. Kata alama kwenye kibali mara moja. Mwache na kichwa na manyoya yake mpaka utakapomsajili kwa simu au mtandaoni, na usajili ufanyike siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku. Halafu mfunike kitambaa cha rangi ya chungwa ndipo umbebe.

Dume wa jamii ya mashariki, ndiyo iliyopo hapa Missouri, huwa na kilo nane hadi kumi au zaidi. Wenyeji wengi huchukua kidari tu na miguu huitupa, jambo ambalo kwangu ni dhambi. Kidari kikatwe vipande vyembamba, kiive haraka, kikizidi moto kinakuwa kama ubao. Miguu na mapaja yana kano ngumu, ndege huyu ametembea maisha yake yote. Chemsha kwa moto mdogo saa tatu au nne, uchambue kano, kisha uunge kwa tui la nazi. Supu ya mifupa yake ni ya kumwamshia mgonjwa.

Kupe nisiwaache. Missouri wamejaa tangu Aprili. Yupo mmoja, jike lake lina doa moja jeupe mgongoni, ambaye kuumwa naye kunaweza kumletea mtu mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Fikirieni mtu wa Singida asiyeweza tena kula nyama ya mbuzi. Suruali iingie ndani ya soksi, nguo zipuliziwe dawa ya permethrini siku moja kabla na zikauke, na ukirudi nyumbani ujikague mwili mzima kabla ya kuketi kwenye kochi. Nyama ya ndege haimo katika mzio huo, lakini sitaki mpate faraja kwa njia hiyo.

Mwanafunzi_Kibaha

Kaka, nimezungumza na mwanasheria kama ulivyonielekeza, na ameniandikia jibu. Cheti cha mafunzo nimemaliza jana. Kibali nitakinunua kesho. Bunduki sina bado. Je, naweza kuja kusikiliza tu, kabla ya msimu?

KangaWaIramba

Karibu sana. Alhamisi mimi na mzee tunakwenda kusikiliza, bila bunduki. Tutakutana saa kumi na nusu alfajiri, mahali nitakutumia pembeni. Lete tochi, maji, na viatu visivyopitisha umande. Mzee ataleta chai ya tangawizi, kwa hiyo usile njiani. Na kabla ya kutoka nyumbani, tazama shingoni kwako na miguuni: usije na soksi nyeupe.